Ndugu Yako Akishikwa na Nabii, Usikate Mguu

Wazazi hapa Bukavu huniuliza ni mchungaji gani alimwombea mdogo wangu hata akatoka kwenye lile kundi la maombi. Hakuna. Kilichomtoa ni kwamba hatukukata mguu.

Kufunga, kukesha na kutoa zaka si utumwa. Wengi wetu tunafanya hayo na tunarudi nyumbani. Hatari ni pale nabii anapoamua uolewe na nani, uuze nini, uongee na nani, na ukiuliza unaambiwa una pepo. Mdogo wangu aliambiwa mama yetu ni mchawi. Tangu hapo hakugusa chakula cha nyumbani.

Usimtukane nabii. Ndugu yako ameshaambiwa kwamba shetani atapitia kwenu, kwa hiyo kila tusi lenu linatimiza unabii. Sisi tulimpa habari za nyumbani tu: mtoto wa kaka ameota meno, samaki wadogo wa sambaza wamepanda bei, Mama anaumwa goti. Nilimpelekea sabuni na kitenge. (Pesa usipeleke, itaishia kwenye sadaka.) Siku alipolalamika mwenyewe kwamba hapati usingizi, nilimuuliza: "Na watoto wa nabii, nao wanakesha?" Hakujibu, nami sikumsukuma.

Lakini kuna mambo yasiyongoja subira. Mfungo usio na mwisho, mgonjwa kukatazwa dawa, mtoto kupigwa ili pepo limtoke: hapo mwone mkubwa wa nyumba kumi, nenda polisi, hata wakikuita adui wa Mungu. Kanungu, wilaya ya Uganda inayopakana na nchi yetu ya Kongo, mamia waliteketea ndani ya nyumba ya ibada Machi 2000. Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia 2023, wengi wao wakiwa wameambiwa wafunge kula hadi kufa. Na ukimpata aliyefunga siku nyingi, usimwandalie bugali na sombe kwa furaha. Mpeleke hospitali. Chakula kingi baada ya njaa ndefu huvuruga chumvi za damu, na moyo unaweza kusimama. Huanzishwa kidogo kidogo, daktari akiangalia.

Alipotoka, kazi kubwa ndiyo ikaanza. Usiku aliamka akitetemeka, akiamini laana imemfuata. Soko la Kadutu alisimama mbele ya mafungu ya nyanya akashindwa kuchagua, akanitazama akingoja ruhusa. Mashangazi walitaka apelekwe haraka kanisa lingine akatakaswe. Nilikataa, na bado naona ni sawa: aliyeamuliwa kila kitu kwa miaka anahitaji kwanza kuamua mboga ya jioni. Kila siku nilimuuliza tupike nini, kisha nikanyamaza mpaka aseme.

Akisikia sauti, akilia bila kukoma au akisema heri afe, mpeleke kwa wataalamu. Bukavu tuna SOSAME, Goma wana Tulizo Letu, vituo vya afya ya akili vya watawa wa Kikatoliki. Kwenda huko si aibu.

Pia usimkataze kuwataja wenzake waliobaki ndani. Ndio waliokuwa familia yake. Mwambie awape namba yako ya simu, maana siku wakitaka kutoka watahitaji mtu wa kumpigia, na nyumbani kwao huenda walishafungiwa mlango.