Noah ya bei ya kutupwa, gia inachelewa kuingia: kabla hujalipa

Mkuu, hiyo Noah old model (SR40) ya otomatiki unayosema ukiweka D inakaa kidogo kisha inashtuka, na muuzaji anasisitiza "ni oili ya gia boksi tu", usimkatalie. Mwambie abadilishe hiyo oili kwa hela yake, kisha ukaijaribu. Utaona atakavyobadilika sura.

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Shika boneti, ukikuta ina moto, ameshaizungusha kabla hujafika. Washa, kanyaga breki, weka R, uhesabu. Ikipita sekunde mbili bila kushika, kuna jambo. Iendeshe mpaka ipate moto, maana nyingine zinateleza zikishachemka tu. Taa ya O/D OFF (ya overdrive, gia ya juu) kwenye dashibodi ikianza kupepesa yenyewe, kompyuta inakuambia kuna hitilafu.

Halafu simama, injini ikiunguruma, lever ikiwa P, chomoa stiki ya kupimia oili ya gia boksi. Futa kwa kitambaa cheupe. Oili nyekundu safi ni sawa, ila ikiwa mpya mno jiulize imewekwa lini. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, pleti za klachi ndani ya gia boksi zimekwisha. Mimi nilinusa, nikajifanya mafua, nikanunua. Miezi miwili baadaye nilikuwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, natafuta gia boksi ya mtumba.

Kwa hiyo kaulizie kwanza bei ya gia boksi pamoja na ufundi, uitoe yote kwenye bei yake. Akigoma, muachie gari lake.