Picha ya Zamani, Nguo ya Leo: Kwa Anayeanza

Anayeanza kujifunza kuvaa kwa kutazama picha za zamani huwa na haraka. Akiliona gauni analitamani, analitafuta linalofanana nalo, analivaa, kisha akisimama mbele ya kioo haoni kile alichokiona pichani. Gauni halina kosa. Picha ya mitindo imepangwa na watu kadhaa ili jambo moja lijitokeze, na mara nyingi jambo hilo si vazi lenyewe. Huenda ni mstari wa bega, au weusi uliokutana na weupe mahali pamoja tu, au kiuno kilichopandishwa vidole vitatu. Chukua hilo, mengine yaachie picha.

Kulipata jambo hilo kuna njia yake. Kwanza ziba uso wa mvaaji kwa kidole, maana uso mzuri hupendezesha hata gunia. Kisha finya macho mpaka picha ififie na yabaki mabaka ya giza na mwanga. Sasa shika penseli uchore umbo la nje kwa nusu dakika, bila vifungo wala mikunjo. Ukiona mistari mitano au sita haitoshi, picha hiyo inategemea mapambo, na kwa anayeanza si mwalimu mzuri. Iweke kando kwanza.

Umbo likishapatikana, pima. Tuseme rula imekupa sentimita 4 kutoka bega hadi mkanda, na 6 kutoka mkanda hadi pindo. Kama kwako bega hadi pindo ni sentimita 110, mkanda utakaa 44 chini ya bega. Jaribu kwa kufunga utepe kiunoni kabla ya kumpelekea fundi chochote. Lakini miguu ya pichani usiiamini sana. Kamera za aina ya Rolleiflex, zilizotumika mno katikati ya karne ya 20, hutazamwa kwa juu zikiwa zimeshikwa kifuani au tumboni, kwa hiyo lenzi humwona mtu kutoka chini na miguu huonekana mirefu kuliko ilivyo. Michoro ya mitindo ndiyo imezidi: mtu wa kawaida ana urefu wa vichwa saba au saba na nusu, mchoraji wa mitindo humpa tisa. Uwiano wa mchoro ukiuleta mwilini kama ulivyo, sketi itakuwa ndefu na kiuno kitapotea.

Lingine lisiloonekana ni mgongo. Nyuma ya koti lililokaa kama limemwagwa mwilini, mara nyingi kuna vibanio na pini zilizokusanya kitambaa kilichozidi. Maishani kazi hiyo hufanywa na mshono. Ukichagua koti la kumpelekea fundi, angalia mabega kabla ya yote. Kiuno hupunguzwa bila shida na mikono hufupishwa, lakini bega lililozidi humlazimu fundi afumue mkono mzima, na hata hapo matokeo ni bahati nasibu. Ukitaka kupanua, fungua bitana kidogo uone akiba ya kitambaa iliyobaki ndani ya mshono. Ikiwa ni sentimita moja tu kila upande, usijipe matumaini.

Rangi nayo ina mtego. Filamu nyingi za mwanzoni mwa karne iliyopita hazikuhisi wekundu, ndiyo maana midomo myekundu hutoka karibu myeusi na samawati hutoka nyeupe. Gauni "jeusi" la mwaka 1915 huenda lilikuwa jekundu kama damu. Kwa hiyo picha isiyo na rangi iulize tofauti ya giza na mwanga, na sura ya kitambaa: kinang'aa, kina vinyweleo, kinaanguka au kinasimama. Usiiulize rangi.

Rangi iulize mabango ya zamani. Katika uchapaji wa lithografia, yaani kuchapa kwa jiwe lililochorwa, kila rangi ilihitaji jiwe lake na ilipitishwa kwenye mashine peke yake, kwa hiyo kuongeza rangi kulikuwa kuongeza kazi na gharama. Mchoraji alijifunza kubana. Tazama bango ambalo Alphonse Mucha alimchorea mwigizaji Sarah Bernhardt, lililobandikwa Paris Januari 1895: rangi zake zimetulia, hakuna inayopiga kelele. Chukua bango lolote unalolipenda, liwekee juu gridi ya miraba kumi kwa kumi, kisha hesabu kila rangi imekalia miraba mingapi. Utakuta mara nyingi rangi moja imetawala, ya pili inaisaidia, na ile kali kuliko zote imepewa miraba michache. Vaa kwa hesabu hiyo: iliyotawala iwe suruali na koti au gauni zima, ya pili shati, na ile kali iende kwenye kitambaa cha mfukoni au soksi. Wanaoanza hukosea kwa kuirudia ile kali kila mahali, mkoba, viatu, midomo, hereni, hadi wanaonekana wamevaa sare. Mara moja inatosha. Mara mbili ni mwisho. Na rangi zilinganishwe dirishani, si chini ya taa, kwa kuwa vitambaa viwili vyeusi vinaweza kufanana usiku na asubuhi kimoja kikawa na ukijani.

Anayetaka kuvaa maua juu ya maua akae na picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948. Nyuma ya wateja alitundika vitambaa vyenye nakshi, na wateja wenyewe wakaja na nguo za nakshi, lakini mtu hamezwi. Tazama kwa karibu uone sababu. Nakshi ya nyuma na nakshi ya nguo hazilingani ukubwa, moja ni pana na nyingine imebanana. Uso na mikono ni sehemu tulivu ambapo jicho hupumzika. Kipimo chetu kwa anayeanza: ua la nguo moja liwe kubwa walau mara tatu ya lile la nyingine, zishirikiane rangi moja, na karibu na uso pabaki mahali pasipo nakshi. Nakshi mbili za ukubwa mmoja hugombana, ukikaa mbali kidogo zinakuwa tope.

Keïta ana somo la pili, nalo ni la vitu vidogo vya anasa. Studioni aliweka saa, kalamu, redio na suti ili wateja waazime. Saa haikuvaliwa tu, mkono uliletwa mbele ionekane. Kitu kidogo huhitaji uwazi kukizunguka: saa nzuri chini ya mkono wa shati unaofika kwenye vidole haipo. Kamba ya saa ndiyo mabadiliko madogo yenye faida kubwa. Pima nafasi iliyo kati ya pembe za saa, pale kamba inaposhikizwa, kwa milimita, nyingi huwa 18, 20 au 22, ukanunue kipimo hichohicho. Ikipungua milimita moja, kijiti cha chuma kitachungulia, na ikizidi ngozi itajikunja pembeni. Viatu vya ngozi vipumzishe siku nzima baada ya kuvaliwa, jasho likauke lenyewe mbali na moto, na polishi ipakwe mara mbili nyembamba kwa kupishana dakika kumi. Tabaka nene hupasuka pale kiatu kinapojikunja.

Nguo za miongo iliyopita zinunuliwe kwa mikono kuliko kwa macho. Namba ya lebo ipuuze, itandaze nguo mezani uipime kwapa hadi kwapa na ulinganishe na nguo yako inayokutosha. Inyanyue kwenye mwanga uone matundu ya nondo. Nusa kwapa. Vuta lastiki, ikitoa sauti ya kukwaruza imekufa, ingawa hiyo hubadilishwa. Isiyobadilishwa ni hariri iliyoongezwa uzito kwa chumvi za metali, desturi ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Hupasuka yenyewe kufuata nyuzi, na sindano huzidisha mpasuko, kwa hiyo iache hata kama inakuita. Vifungo vya seluloidi, plastiki ya zamani, navyo usivipitishie pasi, hushika moto haraka.

Ukitaka kuanza na kitu kimoja tu, chukua skafu ya hariri ya sentimita 90 kwa 90. Kunja pembe mbili zinazoelekeana zikutane katikati, endelea kukunja kuelekea katikati mpaka ubaki na mkanda wa vidole vinne. Utakuwa na urefu wa sentimita 127, unaozunguka shingo mara mbili na kubakiza ncha za kufunga fundo. Ya 65 kwa 65 huzunguka mara moja na fundo dogo. Pasi iwe ya joto dogo, upande wa ndani, na isifike ukingoni: pindo lililoviringishwa kwa mkono likilazwa na pasi halirudi kuwa duara. Marashi yanyunyizwe shingoni kabla ya skafu na yaachwe yakauke, kwa sababu doa lake kwenye hariri halitoki kirahisi.