Jibini la ngamia lipo, ila uliza limechanganywa na nini

Dada umeuliza kama jibini la ngamia uliloliona Nyali, bei sawa na la ng'ombe, ni la kweli. Jibini lenyewe lipo. Kule Mauritania kiwanda cha Tiviski kililitengeneza tangu miaka ya 1990. Mimi ninachokitilia shaka ni hiyo bei.

Nimejaribu kwa mikono yangu. Nilinunua lita 5 za maziwa ya ngamia kwa mama mmoja Msomali pale Majengo, nikayachemsha kidogo, nikayaacha yapoe mpaka vuguvugu, nikatia reneti (dawa ya kugandisha maziwa yawe jibini) ileile ninayotilia maziwa ya ng'ombe. Ya ng'ombe baada ya dakika 40 huwa yameshikana, ukichoma kisu kinatoka kisafi. Haya nilitia asubuhi; alasiri inaadhiniwa nafunua sufuria, nakuta uji mwepesi. Nilipomimina kwenye kitambaa yalipita yote, ukabaki utando wa vijiko viwili. Niliumia sana, maana maziwa yale si rahisi kununua.

Baadaye ndio nikaelewa. Reneti hufanya kazi kwenye protini iitwayo kapa-kaseini. Katika maziwa ya ng'ombe ni kama asilimia 13 ya kaseini yote, yaani zile protini zinazoshikana kuwa jibini. Ya ngamia ni kama asilimia 3.5 tu. Reneti ya kawaida, ya ndama wa ng'ombe, haiyawezi. Yanataka kimeng'enya (kile kinachogandisha ndani ya reneti) cha ngamia mwenyewe, ambacho siku hizi hutengenezwa viwandani. Binamu yangu aliyeko ng'ambo alinitumia, na mara ya pili yakashika, laini mno, nikiyagusa kwa upawa yanavunjika. Lita 5 zote zikanipa bonge la kujaa kiganja.

Sasa mtu atauzaje hilo kwa bei ya la ng'ombe? Mara nyingi amechanganya. Kuchanganya si wizi akisema. Wenzetu wa Zasavica, Serbia, wanaotengeneza jibini la punda liitwalo pule (sisi Waislamu wa pwani hatuligusi, lakini mfano ni mzuri), wanatangaza wazi: asilimia 60 punda, 40 mbuzi. Na bado kilo moja hula kama lita 25 za maziwa.

Kwa hivyo nenda kamuulize muuzaji: ngamia asilimia ngapi, na reneti gani? Akikwambia ni ngamia tupu na ametumia reneti ya kawaida, usitoe pesa yako.