Kingamwili nazo hufunga breki

Je, ni seli T (aina ya chembe nyeupe za damu) peke yake zinazotuliza kinga ya mwili? Hapana. Kingamwili, zile protini za kinga zinazonata kwenye kitu kigeni, nazo zimo. Mchome panya chembe nyekundu za damu ya kondoo pamoja na IgG, aina moja ya kingamwili, inayozilenga chembe hizohizo, naye atatengeneza kingamwili zake kiduchu mno. Weka IgM, aina nyingine, badala yake, mara nyingi mwitikio unapanda. Kwa hiyo inategemea aina ya kingamwili.

Kwa seli T, ushahidi ninaoufundishia maabara ni wa mtafiti wa Kijapani Shimon Sakaguchi, 1995. Alizitoa seli T zenye alama ya CD25 (protini iliyo juu ya seli), zilizobaki akawapa panya wasio na tezi ya thaimasi, ambamo seli T hukomaa. Wakaugua: kinga ikala tezi dundumio, tumbo, hadi tezi za mate. Alipozirudisha mapema zile za CD25, hawakuugua. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye Nobel ya tiba 2025, pamoja na watafiti Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Ila usihamishe kila kitu cha panya kwa binadamu. Ile ya IgG angalau inafanana na sindano ya anti-D (kingamwili za IgG) wanayopewa wajawazito wa damu hasi (Rh hasi) ili wasitengeneze kingamwili zao, ingawa pale lengo ni chembe nyekundu za mtoto.