Chagueni Jina, Siyo Mada: Ushauri kwa Vikundi vya Kusoma

Kama una kikundi cha kusoma hapa Lubumbashi na kila mkutano unaishia kwenye ubishi wa kitabu gani kifuate, jaribuni jambo hili: acheni kuchagua mada, chagueni jina. Jina moja tu la mwandishi, kisha msome watu mbalimbali wanaolibeba. Kikundi chetu cha Kamalondo kinasoma hivyo siku hizi, na sioni sababu ya kurudi kwenye utaratibu wa zamani.

Zamani mada ilichaguliwa na mwenye sauti kubwa. Mwalimu wa historia anataka ukoloni, mwanasheria anataka siasa, vijana wanataka mapenzi, na mwishowe kila mtu anasoma kile ambacho angekisoma hata bila kikundi. Jina halijali mtu anapenda nini. Linakupeleka kwa daktari wa mifugo anayesimulia ngano, halafu kwa mshairi mwenye hasira, halafu kwenye mahandaki ya vita Ufaransa, halafu Misri ya kale, na hakuna wa kumlaumu. Hao wote ni Diop.

Anzeni na Diop kweli. Vitabu vyao vinapatikana: ukizunguka kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini, au ukimwomba mtu anayesoma UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, akuulizie, hutakosa hata mmoja wao, kwa sababu baadhi walisomeshwa sana mashuleni. Wa kufungulia ni Birago Diop, yule daktari wa mifugo, ambaye mwaka 1947 alitoa ngano za Amadou Koumba. Hizo msizisome kila mtu kivyake. Mmoja asome Kifaransa kwa sauti, mwingine asimulie upya kwa Kiswahili chetu, bila haraka, na watoto waachwe waingie. Sungura wa Senegali anaitwa Leuk, Fisi anaitwa Bouki, na tabia zao mtazitambua kabla ukurasa haujaisha. Kwetu hata mama mwenye nyumba, ambaye hakuwa mwanachama, alianza kusahihisha namna tunavyosimulia. Umeme ukikatika hampotezi kitu: anayesimulia hahitaji taa.

Baada ya hapo nendeni kwa David Diop. Yupi? Hapo ndipo penye kazi.

Kuna David Diop mshairi, aliyezaliwa Bordeaux mwaka 1927, baba Msenegali na mama Mkameruni. Alitoa mkusanyo mmoja mwembamba, *Coups de pilon*, mwaka 1956, akafa katika ajali ya ndege karibu na Dakar mwaka 1960, akiwa na miaka 33. Wengi wenu mlikariri shairi lake la Afrika shuleni. Halafu kuna David Diop mwandishi wa riwaya, aliyezaliwa Paris mwaka 1966 na kukulia Senegali. Huyu ndiye wa *Frère d'âme*, riwaya ya 2018 kuhusu askari wa Kisenegali katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya International Booker mwaka 2021. Na kama vile hayo hayatoshi, rafiki anayekufa mwanzoni mwa riwaya hiyo naye ni Diop, Mademba Diop.

Katika WhatsApp ya kikundi faili moja ilikuja na jina "David Diop" peke yake. Nusu ya watu walikuja wamejiandaa kwa mashairi, nusu kwa riwaya, na kijana mmoja akamuuliza aliyetuma: "Yaya, huyu alikufa 1960, tena ameandikaje 2018?" Swali zuri kuliko yote ya jioni ile. Tangu hapo ratiba yetu inaandika jina pamoja na mwaka wa kuzaliwa: David Diop (1927), David Diop (1966). Wakutubi wanafanya hivyo tangu zamani. Ukifungua katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kwenye simu, utaona miaka ya kuzaliwa na kufa imewekwa kando ya jina, kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka wa chapa peke yake usiuamini. Mtu aliyekufa anaweza kutolewa kitabu kipya baada yake, na kitabu cha zamani kinachapwa tena kikiwa na jalada linalong'aa. Namba ya ISBN nayo haitakusaidia kumjua mwandishi, inatambulisha chapa ile tu. Angalieni ukurasa wa mwanzo wenye orodha ya vitabu vingine vya mwandishi huyohuyo. Orodha hiyo inasema ukweli mwingi kuliko jalada la nyuma. Wanafunzi mnaoandika TFC, ile kazi ya kumalizia masomo ya chuo, hili linawahusu zaidi: kuandika "Diop" na mwaka tu ndani ya maandishi, wakati umewatumia Diop watatu, ni kumtesa msimamizi wako. Weka jina la kwanza kila mara.

Boubacar Boris Diop tulimpa mikutano miwili, na ilistahili. *Murambi*, ya mwaka 2000, ilitokana na safari ya waandishi wa Kiafrika waliokwenda Rwanda mwaka 1998 kuandika juu ya mauaji ya kimbari. Hapa Kongo kitabu kinachogusa Rwanda hakisomwi kwa moyo baridi. Kila mtu ana ndugu, ana rafiki kutoka Kivu, ana yake ya kusema. Sharti tuliloweka ni kwamba anayezungumza ataje kwanza ukurasa, asome sentensi, ndipo atoe maoni. Sharti hilo halikuzuia machozi wala sauti kupanda, lakini liliturudisha kwenye kitabu kila tulipotaka kugeuza jioni kuwa mkutano wa siasa. Ninyi msilirukie kitabu hicho mwanzoni. Kikundi kinahitaji kufahamiana kidogo kabla ya hapo.

Cheikh Anta Diop mchukueni kwa vipande. *Nations nègres et culture*, ya mwaka 1954, ile ya Misri ya kale, ni nzito, na watakaojifanya wameimaliza mtawatambua. Gawaneni sura, kila mtu aeleze yake. Chuo kikuu cha Dakar kina jina lake, kwa hiyo hata asiyesoma atakuwa amemsikia.

Mtu atauliza tu kama hao wote ni ndugu. Msimpe jioni nzima. Diop ni jina la watu wengi sana Senegali, kama hapa Lubumbashi ukiita Ilunga au Kasongo kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya uone vichwa vingapi vitageuka.

Mkimaliza Diop mtataka jina lingine, na hapo jihadharini na kinyume chake: mtu mmoja anayeonekana kuwa wawili. Mwalimu wa ujirani wetu, V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha hapa Lubumbashi, alikuwa Valentin-Yves hadi Mobutu alipofuta majina ya Kikristo mwaka 1972, akawa Vumbi Yoka. Herufi zake zilibaki zilezile, akaponyoka. Wengine wa enzi ya Zaire hawakuwa na bahati hiyo: kitabu cha 1970 kina Jean au Pierre, cha 1975 hakina, na muuzaji anakuuzia kama watu wawili. Ngũgĩ wa Thiong'o naye riwaya yake ya kwanza, mwaka 1964, ilitoka kwa jina la James Ngugi. Na Camara Laye utamkuta kwenye rafu ya L, wakati Camara ndilo jina la ukoo.

Upande wa Kiswahili, jina ninalolipendekeza ni Mohamed, likifuatana na Said. Mohamed Said Abdulla aliandika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), hadithi ya upelelezi ya Bwana Msa. Mohamed Suleiman Mohamed aliandika *Kiu* (1972). Said Ahmed Mohamed aliandika *Utengano* (1980). Wote ni wa Zanzibar, na hawafanani hata kidogo kwa mtindo. Vitabu hivi huku kwetu ni shida. Njia yetu ni kumwagiza dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kasumbalesa, tukimpa karatasi yenye majina kamili, maana ukimwambia "lete cha Mohamed" atakuletea chochote. Mpe na jina la kitabu, kwa herufi kubwa.

Kwa mkutano wa kufunga mwaka tumeshaamua: Michael Jackson. Mwimbaji alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1988. Wajina wake Mwingereza aliandika mwongozo wa bia za dunia mwaka 1977, na wa tatu, wa New Zealand, ni mwanaanthropolojia aliyeishi na Wakuranko wa Sierra Leone. Wa kwanza tunaye, wa tatu tumeahidiwa. Mwenye kile cha bia aje nacho Kamalondo, bia ya Simba tutanunua sisi.