Fundi mwashi, mikono inawasha na glavu za ngozi zinazidisha: tatizo ni nini?

Swali: Mimi ni fundi mwashi hapa Mbale. Tangu mwaka jana mikono inaniwasha, ngozi inapasuka na kutoa maji. Nikikaa nyumbani wiki mbili napona. Nikirudi kupiga plasta, siku ya pili muwasho unaanza tena. Nilinunua glavu za ngozi, hali ikazidi. Nibadilishe simenti?

Jibu: Pole sana, fundi. Kupona ukipumzika na kuanza tena siku ya pili kunaelekeza kwenye mzio wa kromiamu, aina ya metali. Simenti mbichi ina alkali kali, pH 12 hadi 13, nayo huunguza ngozi ya yeyote ndani ya saa chache. Mzio ni jambo jingine: ndani ya simenti mna chembe za kromiamu ya aina ya sita, inayoyeyuka majini na kupenya ngozi iliyochubuka. Kinga ya mwili ikishaikataa, kiasi kidogo sana kinatosha, na muwasho hutokea siku moja hadi tatu baadaye.

Sasa hizo glavu. Ngozi nyingi za viwandani husindikwa kwa chumvi za kromiamu, na jasho huivuta itoke. Tena ngozi ikilowa simenti huishikilia mkononi kutwa nzima. Ziache kabisa, na kama miguu nayo inawasha, viatu vya ngozi pia. Vaa gambuti, suruali ikiwa nje.

Nunua glavu za pamba zilizopakwa naitraili (aina ya mpira), ndefu kupita kifundo cha mkono, jozi mbili. Nawa kabla ya kuvaa. Simenti ikiingia ndani, vua papo hapo, nawa, vaa jozi kavu. Glavu yenye simenti ndani ni mbaya kuliko mkono mtupu, maana inaibana simenti kwenye ngozi. Nawa kwa maji safi yanayotiririka kutoka kwenye jerikani, kamwe si kwenye ndoo mnayooshea miiko. Usijisugue kwa mchanga wala mafuta ya taa. Jioni paka mafuta ya mgando.

Kubadilisha simenti kunasaidia ikiwa tu imepunguzwa kromiamu. Umoja wa Ulaya tangu 2005 hauruhusu zaidi ya miligramu 2 kwa kilo. Viwanda huongeza salfeti ya chuma ili kuigeuza kuwa aina ya tatu, ambayo hupenya ngozi kwa shida. Muulize muuzaji cheti cha kiwanda. Kinga hiyo hupungua kadiri mfuko unavyokaa, hasa ukipata unyevu, kwa hiyo glavu ni lazima hata hivyo.

Uhakika utaupata kwa daktari wa ngozi. Piga simu kwanza, hata hospitali ya Mulago, Kampala, uulize kama wana kipimo cha kubandika: dikromati ya potasiamu 0.5%, chumvi yenye kromiamu, huwekwa mgongoni saa 48, ikasomwa, kisha ikasomwa tena siku ya nne. Omba kobalti, metali nyingine, ipimwe pia, kwani mara nyingi huandamana na kromiamu. Usijipime kwa kupaka simenti, utaungua bure. Dawa ya kupaka yenye steroidi aiandike yeye, na ukiona usaha au homa, nenda siku hiyo hiyo.

Kipimo kikithibitisha, mwombe daktari ataje kromiamu kwenye barua, umpelekee mwajiri. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka akupe vifaa vya kujikinga. Mzio huu hukaa miaka mingi, mara nyingi maisha, kwa hiyo anza mapema kuomba kazi zisizogusa simenti mbichi: kupima, kufunga nondo, useremala wa paa.