Shangazi kaupa mji nyumba, sisi tunagombana

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mhariri. Shangazi yangu wa Mkunazini, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, kafariki mwaka jana, Mungu amrehemu, hakujaaliwa mtoto, kaacha nyumba ya mawe ya ghorofa mbili yenye mlango wa nakshi na karatasi kaandika kwa hati za Kiarabu kwamba nyumba yake kaupa mji na isiuzwe. Baba na ami zangu wawili ndio warithi. Ami mkubwa anasema kuna tajiri anataka kuifanya hoteli, ami mdogo anataka iwe makumbusho yenye jina la shangazi, baba anasema wasia ni wasia mji upewe basi, na hao wa mji wenyewe hatujui kama wanaitaka. Huku paa linavuja, sisi tunatega ndoo tu chumba cha juu, na kuna mti umeota ukutani karibu na paa. Nini cha kufanya? — Mpwa, Mkunazini

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, pole sana na msiba. Umeuliza mambo matatu ukayafunga kamba moja, hebu tuyafungue.

Kwanza hiyo karatasi. Kwa sheria yetu ya mirathi ya Kiislamu mtu hausii zaidi ya thuluthi ya mali yake, baada ya kulipwa madeni na gharama za maziko, ila warithi wenyewe wakiridhia. Sasa kama shangazi hakuwa na kitu kingine zaidi ya nyumba, basi mji una thuluthi tu na thuluthi mbili ni za baba na ami zako, kwa hiyo baba yako asiseme wasia ni wasia kama vile mambo yamekwisha, na ami mkubwa naye asiseme nyumba yetu kama vile karatasi haipo. Lakini mie hilo neno "isiuzwe" limenisimamisha. Linanuka wakfu, yaani mali kufungwa iwe sadaka ya daima. Mali ikishawekwa wakfu mtu yu hai mzima haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, akiiweka katika maradhi ya mauti ndo inarudi kwenye hesabu ya thuluthi. Kwa hiyo ulizeni karatasi imeandikwa lini na nani alishuhudia, ichukueni kwa Kadhi, mpite na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana muulize kama nyumba ishaandikishwa. Msianze kukaa vikao vya hoteli kabla ya hapo, mtatukanana bure.

La pili, iwe nini. Makumbusho nzuri kwa mdomo, lakini yanataka mlinzi, mtu wa kukata tiketi, umeme, na mtu wa kupanda juu kila masika kuangalia paa, na pesa ya tiketi ya nyumba moja ya uchochoroni haimlipi hata huyo mlinzi. Hoteli inaleta pesa kweli, ila kila chumba kitataka choo na bafu lake, na nyumba zetu hizi mawe yake ya matumbawe yameshikwa kwa chokaa na udongo, ukipitisha mabomba ukutani likavuja moja tu wiki mbili hulioni, unaliona boriti imeshaoza. Na boriti hizo ndo zimefanya vyumba vyetu virefu vyembamba, upana wake ni urefu wa boriti ya mkoko, sio kwamba wazee walipenda kubanana. Na tajiri asidhani atavunja ukuta apate chumba kipana, Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na ruhusa ya kugusa nyumba inatoka Mamlaka ya Hifadhi.

Mie naona njia ya katikati, na sio mpya. Lile jengo zuri la Dispensari Kongwe kule bandarini alilianzisha Tharia Topan mwaka 1887 liwe hospitali ya sadaka, akafa 1891 halijesha, na mwisho wake likawa dawa chini na watu wanapanga juu. Ukumbi wa chini na daka la mlangoni wapewe watu, iwe maktaba ya watoto au pahala pa kinamama kukutana, juu pangisheni familia au ofisi kwa bei ya soko, na hiyo kodi iwe na akaunti yake ya matengenezo peke yake, sio ya harusi ya mtu. Mji ukikubali kupokea, masharti haya yaandikwe kabla ya kukabidhi funguo, maana funguo zikishatoka mkononi nani atakusikiliza. Na mji ukikataa msinune, hakuna anayelazimishwa kupokea zawadi inayovuja.

La tatu ndo la kwanza kwa haraka: ndoo. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu la hapa Mji Mkongwe, ilijengwa 1883 na Sultani, na sehemu yake ikaanguka Disemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, watu wakafa. Nyumba yenu haisubiri Kadhi. Nenda ukasugue plasta ya huko juu kwa kidole, ikitoka unga basi maji yameshaingia ndani ya ukuta. Tafuteni fundi wa chokaa wa zamani, mzee mmoja anatosha, na fundi yeyote akikwambia "nipige simenti itashika" mkaribishe chai kisha muage, simenti inaziba ukuta maji yanabaki ndani, nje panapendeza ndani panaoza. Warithi wachangie hii sasa hivi, risiti mziweke, zitahesabiwa kwenye mgawo.

Na huo mti msiung'oe kwa mkono, mizizi ikitoka inatoka na mawe. Ukateni karibu na ukuta, fundi aiue mizizi taratibu, halafu ndo azibe kwa chokaa.